Kabla ya Kufungua Tawi la Pili

Jumuiya ya watu wenye ulemavu inayotaka kufungua tawi la pili, ikitaka kujua imekua kiasi gani, iliache kwanza daftari la wanachama. Ipite nyumba kwa nyumba ikavihesabu vigari (viti vya magurudumu) ilivyotoa mwaka jana: vingapi vinatembea, na vingapi vimeegeshwa ukumbini vikiwekewa ndoo na nguo za kufua. Kwa Pemba hesabu hiyo huwa chungu. Kisiwa ni vilima na mabonde, udongo wa masika unaganda kwenye tairi, na kwa wanaokaa pwani mchanga wa chumvi unakula beringi kimya kimya. Siku ya kugawa kuna picha na hotuba. Miezi minne baadaye tyubu imepasuka, na pale nyumbani hakuna anayejua kwamba fundi baskeli wa madukani angeiziba kwa dakika kumi.

Kigari cha kupewa tu, bila ya mtu kupimwa, kinaumiza. Vipimo vya lazima ni vitatu. Cha kwanza ni upana wa nyonga: mtu akae wima juu ya benchi gumu, vitabu viwili visimamishwe ubavuni huku na huku, kisha pima nafasi iliyo baina yao, kwa sababu utepe ukiuzungusha mwilini unadanganya. Cha pili ni kina cha kiti: toka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti, halafu punguza sentimita 3 mpaka 6. Pima miguu yote miwili, wakati mwingine hailingani, na ufuate mfupi. Cha tatu ni urefu toka nyuma ya goti mpaka kisigino, na viatu anavyovaa kila siku. Sehemu ya kuwekea miguu ikiwa juu mno magoti yanapanda na uzito wote unaangukia mifupa ya makalio. Ikiwa chini mno mtu anateleza mbele, anakalia mgongo.

Halafu mto wa kukalia. Sponji ya godoro iliyokatwa kwa kisu inaonekana mto mzuri wiki ya kwanza. Kuijua kama imekufa, omba ruhusa kwanza (mwanamke akaguliwe na mwanamke), kisha mtu akiwa amekaa, ingiza vidole baina ya mto na mfupa wa kalio, kiganja kikitazama juu. Ncha za vidole zikichezeka nusu sentimita au zaidi, mto unafaa. Zisipochezeka lakini ukaweza kuvitoa vidole, hilo ni onyo. Vikibanwa kabisa, mto huo ubadilishwe leo, maana asiyehisi sehemu za chini hatalalamika mpaka kidonda kimeshafika ndani. Na hata mto mzuri haumtoshi: ajizoeze kuinama mbele au kuegemea upande kila baada ya dakika 15 hadi 30.

Breki nazo huangusha watu, na sababu yake ni ndogo mno. Kwenye vigari vingi breki inakandamiza tairi lenyewe, kwa hiyo upepo ukipungua breki haishiki. Bonyeza tairi kwa dole gumba: likizama zaidi ya nusu sentimita, litiwe upepo. Kila shehia inayopata kigari inahitaji pampu moja, viraka, gundi, spana mbili tatu na kopo la mafuta, vikae kwa mtu anayejulikana. Na fundi baskeli wa karibu aalikwe siku ya kugawa, aone beringi zinavyotoka. Yeye ni muhimu kuliko mgeni rasmi.

Nyumba nayo ipimwe kabla kigari hakijatoka stoo. Njia ya mteremko ikubaliwe kwa kipimo cha 1 kwa 12: kidaraja cha sentimita 15 kinataka njia ya sentimita 180. Baraza ya sentimita 45 inataka mita 5 na nusu karibu, na nyumba nyingi hazina uwanja huo mbele. Hapo ndipo watu wanapojenga mteremko mfupi mkali "ili mradi upo", na mama wa mtoto ndiye anayesukuma kwa kifua. Bora kutazama mlango wa uani, mara nyingi uko chini zaidi. Saruji isisuguliwe ikang'ara, ipigwe fagio ingali mbichi, la sivyo mvua ya kwanza inaigeuza utelezi. Na pima mlango wa choo. Kigari kikifika mpaka mlangoni tu, mtu atakula kidogo na kunywa kidogo ili asiende haja mchana, na hilo huletea maradhi mengine.

Haya yote yanataka mtu wa kurudi majumbani kukagua, na kurudi ndiko kunakoshinda jumuiya nyingi. Tuseme mhamasishaji mmoja ana nyumba 10, kila moja aitembelee mara mbili kwa mwezi. Hizo ni safari 20, kila safari saa mbili pamoja na njia. Mtu wa kujitolea mwenye shamba na watoto hapo amefika mwisho. Akiongezwa nyumba 15 nyingine kwa sababu mfadhili anataka idadi, hatakataa, atajaza fomu akiwa kwake. Dalili yake inaonekana kwenye daftari: tarehe zimepangana vizuri mno, wino mmoja, na kila mtoto "anaendelea vizuri". Daftari la kweli lina uchafu na lina "sikumkuta".

Mfano unaoumiza zaidi ni wa watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda kwa ndani. Kwa njia ya Ponseti mtoto anafungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7, na wengi hukatwa kano ya kisigino kwa mkato mdogo. Mguu unanyooka, kila mtu anafurahi, na hatari ndiyo inaanza. Viatu vyenye chuma cha kuviunganisha vinatakiwa kuvaliwa saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha usiku na wakati wa kulala mchana mpaka mtoto afike miaka 4 au 5. Bibi anamwona mjukuu analia, mguu umeshanyooka, anamvua. Mguu unarudi. Wa kifafa ni vivyo hivyo: siku tatu bila degedege, dawa inawekwa kando, na dawa ikikatwa ghafla degedege huweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mhamasishaji anayekagua viatu na kuhesabu vidonge anafanya kazi ambayo semina kumi haziwezi.

Kuhusu usajili, wengi wana haraka isiyo na sababu. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, ulianza 1985 ukiwakusanya wote. Baadaye zikaja jumuiya za aina moja moja: ZAPDD ya watu wenye ulemavu wa akili mwaka 1999, pia za viziwi, za wasioona na ya wanawake, mpaka likapatikana shirikisho, SHIJUWAZA. Kugawanyika huko si ugomvi. Kwenye mkutano wa wote anayesikika ni anayeweza kufika na kusema, na mtoto wa ulemavu wa akili hana la kufika wala la kusema bila ya mzee (mzazi) wake. Kikundi kipya cha Micheweni au Mkoani, huko Pemba, kingekuwa tawi la mojawapo ya hizi kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo, kitumie usajili na hesabu za jumuiya mama, kabla ya kwenda kwa Mrajis (msajili wa jumuiya) na katiba yake chenyewe.

Katiba yenyewe ina mitego miwili. Kwanza uanachama: andika wazi viti vingapi vya kamati ni vya watu wenye ulemavu wenyewe, vingapi vya wanawake, vingapi vya wazee wa watoto. Pasipoandikwa, baada ya chaguzi mbili kamati imejaa walimu na watu wa ofisi. Pili akidi, yaani idadi ya chini ya watu ili mkutano uwe halali. Ukiandika nusu ya wanachama wote, na mkutano mkuu ukaangukia msimu wa karafuu, hamtapata watu, na bila mkutano hakuna hesabu zilizopitishwa, na mfadhili anafunga mkoba. Wajumbe wachaguliwe kwa shehia, akidi ihesabiwe kwa wajumbe.

Fedha: sanduku la kuweka na kukopa liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na sanduku lenyewe lilale kwa mtu wa nne. Nauli ya wahamasishaji ipangwe kwa kiwango ambacho michango ya wanachama itaweza kukibeba mradi ukiisha. Posho kubwa ya miaka mitatu inaondoka na watu wake.

Na mkalimani wa lugha ya alama aingie kwenye bajeti kabla ya chai. Mkutano wa zaidi ya saa moja unataka wawili, wapokezane kila dakika 20 au 30, kwa kuwa mikono na akili vinachoka na tafsiri inaanza kuruka maneno bila ya mwenyewe kujua. Wakae karibu na msemaji, viziwi wawe mbele, na dirisha lisiwe nyuma ya mkalimani. Mwanga ukimtoka mgongoni anakuwa kivuli, uso hauonekani, na uso ni nusu ya maneno.