Muhtasari wa Siku ya Nyundo

Jana usiku televisheni ilikuwa inaonyesha kikundi cha wanamuziki, binti yangu akanyooshea kidole klarineti. "Baba, ile filimbi nyeusi ni ya chuma?" Nikamwambia ni mti. Ni mpingo, ule ule wa kwetu Kilwa. Akacheka, hakuamini, akaenda kulala. Mimi usingizi ukaniruka, nikabaki na mjomba na nyundo yake.

Enzi hizo nilikuwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu ulisomeka. Yaliyotangulia siku ya nyundo yalichukua miaka: mikutano, kupima mipaka, kuzunguka porini na futi kamba tukipima miti usawa wa kifua, sheria ndogo kupitishwa na mkutano mkuu, makaratasi kwenda wilayani na kurudi. Sheria ya Misitu ya 2002 ilitupa haki ya kutenga msitu wetu, tuuvune kwa mpango na mapato yabaki kijijini. Lakini nani angeamini? Daraja la Mkapa pale Rufiji lilipofunguliwa 2003, malori yalimiminika kusini, magogo yakaondoka usiku na mchana, sisi tukabaki na visiki. Aliyemwonyesha tajiri miti ilipo alipewa sukari kilo mbili tatu, na pengine tochi.

Mjomba alikuwa mmoja wa hao waonyeshaji. Kijiji kizima kilijua, hakuna aliyelitamka. Alipochaguliwa kuingia kamati kuna walionuna, ingawa hakuna aliyeujua msitu ule kumzidi yeye.

Siku ya kuvuna kwa mara ya kwanza tulitoka alfajiri. Mti wenyewe ulikuwa umepinda kama ilivyo mipingo mingi, si mrefu, lakini mpingo huchukua miaka 70 na zaidi kufikia kuvunwa, kwa hiyo ulikuwa mkubwa kwa umri kuliko sisi wote tuliouzunguka. Msumeno ulisimamishwa mara mbili ukanolewa. Mti ulipolala, kisiki kikaonekana: ukingo mwembamba wa njano, kisha weusi wenye zambarau ndani yake, unang'aa kama umepakwa mafuta.

Mwenyekiti akamkabidhi mjomba nyundo ya kijiji, ile yenye alama yetu. Gogo lisilo na chapa yake halitoki. Akapiga. Nyundo ikadunda, ikaacha nusu ya herufi tu. Akatemea viganja mate, akapiga tena kwa nguvu zote za mgongo, herufi zikakaa. Tukadhani sasa atalifuata gogo. Hakulifuata. Alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya kisiki kama mzazi anayepima homa ya mtoto.

"Mti huu niliuonyesha mimi," akasema. "Mwaka wa daraja. Gari lilikuwa limeshajaa, wakauacha."

Mwenye msumeno akageukia kwingine. Ndege mmoja alikuwa analia juu yetu, nakumbuka nilitamani anyamaze. Mjomba akaniangalia. Siku zote mimi na yeye tuliitana mjomba, lakini pale hakuniita hivyo.

"Katibu, andika hilo."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Muhtasari ulikuwa unakwenda wilayani, na niliona nikiyaandika maneno yale nitamtia matatani. Au labda niliona haya kwa ajili ya ukoo wetu. Hadi leo sijaweza kuzitenganisha hofu hizo mbili. Nikaandika: "Kisiki na gogo viligongwa nyundo. Zoezi lilikwenda vizuri."

Fedha zilipokuja, mkutano mkuu ulibishana hadi jua likazama, tukachimba kisima. Mwaka 2009 misitu ya vijiji ya wilaya yetu ikapata cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri; kilikuwa cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanajamii wenyewe. Nilifurahi sana, na bado nafurahi. Mjomba hakukiona.

Jioni ya siku ile ya nyundo tuliketi barazani kwa mwenyekiti, wajumbe wakitia sahihi mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umeandika?"

"Nimeandika, mjomba."

Hakujua kusoma. Akabonyeza dole gumba kwenye wino, akaliweka chini ya maneno yangu, akalishikilia pale kwa muda mrefu.