Daftari la Kumchunguza Mwanangu

Usiku ule nilipohesabu vidonge vyangu vya maumivu kwa mara ya tatu na kukuta vimepungua tena, nilimwita mwanangu, aliyekuwa na miaka 16, nikamwuliza amevipeleka wapi. Sikumwuliza kama alikuwa amevichukua, kwa sababu hilo nilikuwa nimekwisha kuliamua moyoni. Aliniangalia kwa muda mrefu bila kujibu, kisha akarudi chumbani kwake na kufunga mlango. Vidonge hivyo, naona ni haki niliseme mapema, nilikuwa nimevimeza mimi mwenyewe.

Miezi mitano kabla ya usiku huo nilikuwa nimefanyiwa upasuaji wa goti, nikaandikiwa tramadoli, dawa ya jamii ya opioidi, yaani dawa kali za maumivu zinazoweza kumfanya mtu mraibu, nimeze kidonge kimoja kila baada ya saa nane kwa siku chache tu. Goti lilipona. Dawa ndiyo haikukoma, kwa maana nilikuwa nimegundua kwamba kidonge cha jioni hutuliza si goti peke yake bali pia hofu za siku nzima, na cheti cha kwanza kilipokwisha niliomba cha pili, kisha cha tatu kutoka kwa daktari mwingine ambaye sikumwambia habari za yule wa kwanza. Leo naona kwamba kule kumficha daktari mmoja habari za mwenzake kungetosha kunishtua. Wakati ule nilijiambia kwamba sitaki kuwasumbua.

Jambo lililonishughulisha lilikuwa kijana wangu. Nilikuwa nimesoma kwamba mzazi anayeshuku mtoto wake anatumia dawa za kulevya asitafute dalili moja, bali aangalie mabadiliko kadhaa yanayotokea pamoja: usingizi unaovurugika, masomo yanayoshuka, marafiki wa zamani wanaoachwa ghafla, hasira zisizo na sababu, pesa zinazopotea, kujitenga. Basi nilinunua daftari nikaanza kuandika. Hakula nasi, Jumapili. Amelala hadi adhuhuri, Jumamosi. Amenijibu kwa ukali, Jumatatu. Macho mekundu, Jumanne jioni. Na mbele ya hilo niliandika neno bangi na kulipigia mstari mara mbili. Kurasa nne zilijaa, nami niliziona kuwa ushahidi kamili.

Nilizipeleka kwa mshauri nasaha. Alizisoma zote kwa utulivu, akasema kwamba yaliyoandikwa humo yanaweza kuwa dalili za matumizi ya dawa za kulevya, na yanaweza vilevile kuwa huzuni au ujana wenyewe. Kisha aliuliza kuhusu vidonge: nani anashika kopo, na nani anaandika kila kinapotoka kimoja. Hakuna aliyekuwa akiandika. Akanishauri niliweke kopo kabatini na kulifunga kwa ufunguo, nitembee na ufunguo huo mimi mwenyewe, na kwa siku saba niandike kila kidonge pamoja na saa niliyokimeza.

Siku ya kwanza nilipofika kitandani niliona nimeandika vidonge saba, nami ningeapa mbele ya yeyote kwamba nilimeza vitatu. Nilidhani ni siku mbaya tu. Siku ya pili vilikuwa saba tena. Siku ya tatu nilijizuia kwa makusudi tangu asubuhi, na kabla ya jua kuchwa pua ilikuwa ikichuruzika, nikipiga miayo mfululizo, ngozi imesisimka kama ya mtu aliyepigwa na baridi, tumbo linakata. Hali hiyo niliijua vizuri. Kwa wiki nyingi nilikuwa nikiiita mafua, na kila mara nilikuwa nikistaajabia jinsi mafua hayo yalivyopona nusu saa baada ya kumeza dawa. Hayakuwa mafua. Ilikuwa arosto, mateso ya mwili unapoikosa dawa uliyoizoea, neno ambalo hadi siku hiyo nililiona kuwa la watu wengine kabisa.

Niliporudi kwa mshauri nikiwa na ukurasa huo, alinieleza kwamba mwongozo wa uchunguzi unaotumiwa na madaktari wa akili tangu 2013 una vigezo 11 vya tatizo la matumizi ya opioidi, na kwamba viwili tu vikionekana ndani ya miezi 12 vinatosha kulitambua. Alinionya pia kwamba mwili kuizoea dawa na kuidai inapokosekana havihesabiwi kwa mgonjwa anayeitumia kama alivyoelekezwa. Mimi sikuwa mgonjwa wa aina hiyo. Kutumia zaidi ya nilivyokusudia, kushindwa kupunguza, kuitamani dawa, kuendelea nayo huku ugomvi ukizidi nyumbani: tulipofika kigezo cha sita, mahali ambapo tatizo huitwa kali, niliomba tusimame kidogo.

Jioni hiyo nilimwambia mwanangu ukweli, nikamwomba radhi. Nilitarajia hasira. Alisema, "Mama, nilijua. Mboni za macho yako zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, hata gizani. Nilisoma maana yake." Alikuwa amekwisha kuona niliyoshindwa kuyaona kwenye kioo kila asubuhi: kusinzia kwangu katikati ya maneno, kujikuna, ahadi nilizosahau. Alikuwa amenyamaza kwa sababu hakujua mtoto humwambiaje mama yake jambo kama hilo.

Sikuacha kwa siku moja, wala daktari hakutaka niache hivyo. Dozi ilishushwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na kila daraja lilikuwa na usiku wake wa kukesha. Mwanangu alijitolea kushika ufunguo wa kabati. Mshauri alikataa katakata, nami nakubaliana naye hadi leo, kwamba kijana asigeuzwe kuwa mlinzi wa mzazi wake. Ufunguo alipewa dada yangu, naye alikuwa akija kila asubuhi kunihesabia vya siku hiyo.

Badala yake mwanangu aliomba daftari. Niliona aibu kumpa, lakini lilikuwa linamhusu yeye kuliko mtu mwingine, nikampa. Alikaa nalo mezani, akachukua kalamu, na mbele ya kila mstari akaandika maneno machache. Alipolala nililifungua. Mbele ya kulala hadi adhuhuri alikuwa ameandika kwamba usiku ule alikesha akisikiliza kama ninapumua. Mbele ya macho mekundu, Jumanne jioni, alikuwa amelikata neno nililolipigia mistari miwili, na juu yake akaandika: nililia.