Wachungaji Walirudi kwa Kondoo Wao

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiisoma sura ya 2 ya Injili ya Luka na kuishia mstari wa 14, pale jeshi la mbinguni linapomsifu Mungu, kwa sababu hapo ndipo kwaya yetu ilipokuwa ikiitikia kwa wimbo na waumini wote wakasimama. Furaha ya Krismasi niliijua kwa sauti, kwa mishumaa na kwa kanisa lililojaa hadi mlangoni. Siidharau furaha hiyo hata leo, lakini kila ilipofika tarehe 26 Desemba ilikuwa imekwisha, nami nilibaki nikijiuliza kwa uchungu kama imani yangu ilikuwa na mizizi yoyote.

Mwaka ambao baba alipooza upande mmoja wa mwili, zamu ya usiku wa mkesha iliniangukia mimi. Alipaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili mgongo wake usifanye vidonda, kwa hiyo wengine walikwenda ibadani nami nikabaki nyumbani, na sitaficha kwamba nilibaki kwa kinyongo. Ilipotimia saa sita usiku nilimgeuza, nikamfuta mgongo kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, kisha nikainyoosha shuka kwa kiganja mpaka nikahakikisha kwamba hakuna kunyanzi litakalombana. Akaniomba nimsomee. Nikasoma kama nilivyozoea hadi mstari wa 14, nikafunga Biblia.

“Endelea, mwanangu,” akasema kwa ulimi mzito. “Hao watu bado hawajafika.”

Nikaifungua tena, nikasoma jinsi wachungaji walivyokwenda kwa haraka, wakamkuta mtoto mchanga amelala horini, hadi mstari wa 20 unaoanza kwa maneno “Wale wachungaji wakarudi”. Baba akauliza, “Walirudi wapi?” Nikamjibu, “Kwa kondoo wao, baba.” Akatabasamu kwa upande ule wa uso uliokuwa bado unamtii.

Niliporudi nyuma kidogo kwenye ukurasa uleule, niliona neno ambalo sikuwahi kulitilia maanani. Mstari wa 8 unasema kwamba wachungaji hao walikuwa wakilinda kundi “kwa zamu usiku”. Walikuwa zamuni, kama mimi. Habari njema ya furaha kuu iliwafikia wakiwa kazini, ikatanguliwa na neno “Msiogope”, na ilipokwisha kuwafikia haikuwaondolea ile kazi. Amri ya Kaisari Augusto ya kuandikisha watu ilibaki palepale, na kundi liliendelea kuhitaji mlinzi. Hata hivyo Luka anasema walirudi huku wanamtukuza Mungu. Kwangu mimi, furaha ya kiroho inatambulika katika kurudi huko kuliko katika nuru iliyowaangaza makondeni, kwa kuwa mbele ya nuru ile nadhani yeyote angesisimka.

Tangu usiku ule nimeacha kuitafuta furaha ya Krismasi kwa kukimbia huzuni, na naona kwamba kalenda ya Kanisa nayo haiikimbii: siku tatu tu baada ya Krismasi, tarehe 28 Desemba, makanisa mengi huwakumbuka watoto wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode. Vivyo hivyo, Jumapili ya tatu ya Majilio, yaani majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, ambapo katika makanisa mengi huwashwa mshumaa wa waridi kati ya ile ya zambarau, huchukua jina lake la furaha kutoka katika wito wa Paulo kwa Wafilipi, “Furahini katika Bwana siku zote”, na waraka huo aliuandika akiwa kifungoni. Kwa mtu anayeingia msimu huu akiwa na msiba, ugonjwa au deni, jambo hili lina uzito mkubwa, kwa sababu hadaiwi uchangamfu asio nao ndipo apokelewe horini.

Mimi sasa huianza Krismasi tarehe 25 Desemba badala ya kuimaliza siku hiyo. Hadi Epifania, sikukuu ya kudhihirishwa kwa Kristo, tarehe 6 Januari, kila jioni husoma kipande kifupi na kukaa nacho kimya kwa muda: Simeoni akiwa amempakata mtoto, Ana mjane wa miaka 84 aliyekuwa habanduki hekaluni, Mariamu akiyaweka maneno yote moyoni mwake. Ziko jioni ambazo sihisi chochote, nami husoma vilevile.

Usiku ule wa mkesha wenzangu walirejea kutoka ibadani wakaenda kulala. Ilipofika saa nane nilisimama, nikamgeuza baba upande wa pili, nikainyoosha shuka, na katikati ya kuinyoosha nikagundua kwamba nilikuwa naimba ile sauti yangu ya kwaya, taratibu, naye alikuwa macho akisikiliza.