Miezi saba ya kutafuta farasi, na bado naogopa

Leo ni usiku wa tatu tangu Ndizi, farasi wangu, afike na sijalala vizuri hata siku moja, si kwa ubaya, ni vile tu naamka saa tisa usiku natega sikio, na zizi liko kilomita nne kutoka kwangu, hakuna kitu naweza kuskia. Nimeona heri niandike kabla sijaanza kusahau, maana najua kuna mwenzangu mahali anatafuta farasi na moyo unamdunda kila akiweka mguu kwa kikuku cha tandiko, na ni watu wachache sana wanaongea haya mambo wazi.

Mimi ni mwoga. Nianzie hapo. Miaka miwili imepita tangu nianguke huku Karen, kanga walifumuka kwa kichaka, farasi wa shule ya kupanda farasi niliyekuwa nimepewa siku hiyo akaruka kando, na mimi nikaenda chini na bega. Mtulinga ukavunjika. Mfupa ulipona, lakini mpaka leo nikiendesha gari Jumamosi asubuhi kwenda darasani, nikifika Dagoretti Corner tumbo linakaza, nikifika Racecourse viganja vimeloa, nikiingia kwa geti la zizi naomba kimoyomoyo mwalimu awe ameugua. Na bado nilikuwa naenda kila wiki, juu kuna kitu kwa farasi sijapata mahali pengine popote, ile harufu ya shingo yake asubuhi, ile joto.

Watu waliniuliza sana, sasa kama unaogopa hivyo unanunua farasi wa nini? Ni hivi, kwa shule leo unapewa huyu, wiki ijayo yule, na mtu mwoga kila akikutana na farasi mgeni anaanza sifuri. Mimi nilihitaji kuyajua masikio ya farasi mmoja, nijue hii ni ya kuskia kitu tu na hii ni ya kutaka kukimbia.

Wa kwanza kumuona alikuwa na miaka mitano, alikuwa ametoka kwa mbio, rangi ya kahawia iliyoiva, ngozi inang'aa kama meza imepigwa vanishi. Hakusimama nikipanda, na baadaye ndio nikaelezwa kwamba farasi wa mbio amezoea joki arushwe juu huku yeye anatembea, kwa hivyo kusimama tuli hakuna aliyemfunza. Sasa mwoga hufanya vitu viwili bila kujua, anavuta hatamu na anabana miguu. Kwa huyu farasi kushikwa hatamu kwa nguvu ndio alijua ni wakati wa kuenda, anaegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, anaongeza mwendo, na mimi nikiona ameongeza navuta zaidi, na yeye anaongeza zaidi, tukazunguka ule uwanja hivyo mpaka mwalimu wangu akaja akasimama mbele yetu. Hakuwa na kosa lolote yule farasi. Alikuwa anafanya kazi aliyofunzwa na mimi ndiye nilikuwa naongea lugha nisiyoijua.

Na bado nilitaka kumnunua! Mwenyewe alikuwa ameniambia anahitaji tu mtu mwenye mkono jasiri, na mimi nilitaka sana kuwa huyo mtu, nikajiona kwa picha. Tukiwa kwa gari kurudi mwalimu akaniuliza, "Dada, huyu unamnunulia nani?" Sikumjibu mpaka tukafika Galleria, na hata hapo nilisema tu kwamba nimeelewa.

Wa pili alikuwa Naivasha. Tuliambiwa tufike saa nne, barabara ilikuwa tupu tukafika saa tatu kasoro, tukamkuta farasi amefungwa kivulini, mgongo umeloa pale tandiko hukaa, mbavu bado zinapanda na kushuka. Alikuwa ameshakimbizwa kwa duara mpaka akachoka ndipo sisi tumkute mpole. Mwenyewe akasema huyu hutoa jasho tu kwa asili yake. Akaenda kupokea simu, na saisi, yaani mtunza farasi, mzee mmoja aliyekuwa amebeba ndoo, akaniambia polepole bila kuniangalia, "Madam, leo ni mpole. Kuja siku nyingine bila kupiga simu." Hakuongeza neno. Sikurudi, lakini yule mzee ni kama alinipa pesa mkononi, juu tangu siku hiyo kila mahali nilipoenda nilimtafuta saisi kwanza. Mwenye farasi anakuja wikendi anapanda saa moja anaenda zake. Saisi ndiye ako naye tangu saa kumi na mbili asubuhi, anamlisha, anamuosha, anajua ni mguu gani hapendi kuinua na siku gani amebakisha chakula. Ukitaka kumjua farasi salimia huyo mtu vizuri, uliza habari za kwake, kisha nyamaza usikilize.

Katikati hapo nikaona wengine watano ambao sina la kusema sana. Mmoja alikuwa anachechemea, mmoja bei ilikuwa ya mtu mwingine si mimi, mmoja alipiga teke mlango tukiwa bado tunasalimiana, na wawili wenyewe walibadilisha nia.

Kisha Limuru, Julai, ile baridi ya ukungu umekalia majani chai huoni hata mti. Ndizi si farasi wa kupigwa picha. Ni jike, ako na miaka 13, rangi ya chai ya maziwa, mdomo wa chini umelegea, chotara wa farasi wadogo wa upande wa Somalia na hawa wa mbio. Wenye farasi hupima urefu kwa viganja, kiganja kimoja ni inchi 4, na yeye ni viganja 14 na inchi 2, kwa hivyo nikisimama kando yake naona ng'ambo ya mgongo wake. Hiyo peke yake ilinituliza.

Saisi wake, naye mzee, akanikaribisha, "Karibu mama, twende tumchukue pamoja." Hatukumfukuza. Alikuja mwenyewe kutoka mwisho wa shamba, juu mzee huweka ndizi kwa mfuko wa koti, na akaila na maganda yake yote, povu jeupe likitoka kando ya mdomo. Nikamuuliza yule mzee, kitu gani hapendi? Akafikiria kweli, hakuharakisha. Akasema, "Hapendi kufungwa mkanda wa tumbo kwa haraka. Atageuza kichwa akutafute na meno. Ukikaza tobo moja, ungoje, tobo ingine, ungoje, hana maneno. Na punda. Punda anaogopa." Hapo ndipo nilianza kumwamini huyu farasi, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa mabaya yake kabla sijauliza bei.

Kijana wa pale akapanda kwanza, kisha mwalimu wangu, kisha mimi. Tulikuwa tunatembea tu kwa njia ya shamba, hatua, hakuna troti, ile mbio ya polepole. Ikatokea boda boda nyuma ya ua imebeba mitungi ya maziwa, ile ya chuma, inagongana kwa mashimo, kwang kwang kwang, na kwa ule ukungu hatukuiona mpaka imefika karibu kabisa. Nilifanya yote nisiyofaa kufanya. Nilivuta hatamu, nikashika na nywele za shingo, nikabana miguu, nikafunga macho. Ndizi alisimama. Aliinua kichwa, masikio yote mawili yakaelekea ile pikipiki, nikaskia mbavu zake zinapanuka katikati ya miguu yangu, zikakaa hivyo sekunde kadhaa, kisha akatoa pumzi ndefu kwa pua, brrrr, akashusha kichwa. Na mimi nikapumua. Sijui nilikuwa nimezuia pumzi tangu lini, labda tangu ile siku ya kanga. Nililia hapo juu yake na hakuna mtu aliyeniambia ninyamaze, mzee alishika tu kamba akaangalia upande wa chai.

Sikununua siku hiyo. Nilirudi mara tatu, mara moja bila kusema nakuja, mara moja upepo unapeperusha mabati, na ya mwisho na daktari wa mifugo, daktari niliyemtafuta mimi na kumlipa mimi, si wa muuzaji. Akasikiliza moyo, akamulika macho, akakunja kila mguu akaushikilia kama dakika moja kisha mara moja farasi akakimbizwa troti kwa sakafu ngumu, juu maumivu yaliyofichika hutokea hapo. Akatoa damu ya kupimwa isije kuwa alipewa dawa ya kutuliza au ya maumivu. Akanionyesha na jino la pembeni la juu, kuna mfereji mdogo wa kahawia ambao huanza kuonekana kwa ufizi farasi akifika kama miaka 10 na ukifika nusu ya jino ni kama 15, wa Ndizi ulikuwa umeshuka kidogo kupita robo. Kwa hivyo umri haukudanganywa. Ukwato mmoja ako na ufa wa kuangaliwa. Kitabu cha chanjo ya ule ugonjwa wa farasi wa Afrika nilikisoma ukurasa kwa ukurasa, huo unaletwa na vijidudu vidogo kuliko mbu na farasi wengi wakiupata hawaponi, ndio maana jioni anaingizwa ndani kabla jua kutua.

Bei, laki mbili na ishirini. Nilivunja akiba ya chama, na kusema ukweli bei ya kununua hainisumbui kama ya kila mwezi, nyasi za boma Rhodes, dawa ya kupe, saisi, fundi wa kwato.

Amefika Jumatano na lori. Sijampanda. Nimempiga brashi, nimemtembeza kwa kamba, leo nimemfunga tandiko nikakaza mkanda tobo moja nikangoja, tobo ingine nikangoja, na hakugeuza kichwa. Nikiwa bado namfungua simu ikalia, ni yule mzee wa Limuru, hakusalimia vizuri hata, akauliza, "Anakula?" Nikasema anakula mzee, nikasogeza simu karibu na mdomo wake akiwa anatafuna. Mzee akanyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Haya. Ni yeye."

Kesho fundi wa kwato anakuja saa tatu kwa ule ufa. Akimaliza, ntapanda, hatua tu, mpaka kwa geti na kurudi.