Kabla ya kupuliza dawa, tazama maji

Mende mdogo wa jikoni, yule wa kahawia mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, huvumilia njaa kwa muda mrefu. Kiu haivumilii: bila maji, wiki mbili azimaliza kwa shida. Mombasa mfereji ukitoka maji leo hujui utatoka tena lini, kwa hiyo kila nyumba ina pipa, birika au mitungi. Maji hayo ndiyo yanayomnywesha mende, na ndimo anamozaliwa mbu wa dengi. Kazi yaanzia hapo, si kwenye mkebe wa dawa.

Usiku kabla ya kulala, kausha sinki na sakafu iliyo chini ya mitungi, na usiloweke vyombo hadi asubuhi. Mende wakubwa wekundu hupanda kutoka kwenye mabomba ya maji machafu, basi tundu la bafuni lifunikwe kwa wavu wa chuma wenye macho madogo. Nyufa zizibwe. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zina mianya mingi ukutani, na chokaa huikaa vizuri kuliko saruji.

Ukishakausha, tumia asidi ya boriki. Ni unga mweupe usio na harufu. Tia kidogo kwenye chupa laini ya plastiki iliyo kavu, toboa kifuniko, kisha upulize nyuma ya friji, chini ya jiko na ndani ya nyufa. Utando uwe mwembamba hata usionekane vizuri. Hapa ndipo wengi hukosea: hurundika unga, na mende huuzunguka kama tunavyozunguka lundo la taka. Mende hufa kwa sababu unga humshika miguuni, naye akijisafisha huulamba. Hafi papo hapo, ngoja wiki moja au mbili. Unga ukipata unyevu huganda na kupoteza kazi, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, kwa hiyo ukiuona umeshikana, ufute uweke mwingine.

Usipulize dawa ya mkebe mahali hapo hapo. Humfukuza mende mbali na unga, na haipenyi kifuko cha mayai ambacho jike hukibeba, chenye mayai 30 hadi 40. Ndiyo maana nyumba iliyopulizwa Jumamosi hujaa mende wachanga baadaye. Tena, asidi ya boriki si chakula. Iwe mbali na watoto na paka, na isihifadhiwe kabatini pamoja na sukari na unga wa mahamri.

Kwa sisimizi dozi ni nyingine kabisa. Changanya nusu kijiko cha chai cha asidi na vijiko 8 vya chai vya sukari katika kikombe cha maji ya vuguvugu, chovya pamba, uiweke njiani mwao. Ukizidisha asidi watakufa njiani kabla ya kuifikisha kwa malkia, na kundi litabaki lilivyo.

Mbu. Mombasa ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2013, kisha chikungunya kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi 2018. Mbu wa maradhi haya huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi. Hutaga kwenye ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji tu hakusaidii: sugua ukuta wa ndani kwa brashi kila wiki, maana kwa joto letu kutoka yai hadi mbu anayeruka huweza kuchukua siku 7 hadi 10. Funika pipa kwa kitambaa kilichofungwa kamba, na bomba la kufurikia la tangi livikwe wavu. Kagua pia sahani za chini ya vyungu vya maua, matairi na vifuu vya nazi. Kusugua huku kwachosha, lakini sijui kazi ya nusu saa inayokinga nyumba kuliko hii.

Bustanini tuna bahati ya mwarobaini. Nguvu yake kubwa imo kwenye kokwa kuliko majani. Okota matunda yaliyoiva, ondoa nyama, anika mbegu kivulini. Zenye ukungu zitupe. Twanga gramu 50 za kokwa zilizomenywa kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kipande cha leso kuukuu, ongeza matone machache ya sabuni ya maji. Sabuni ya unga huunguza majani. Puliza jioni, kwa sababu jua huharibu dawa na nyuki nao wamesharudi. Elekeza chini ya majani ya sukuma, bamia na biringani, wanakojificha vidukari na nzi weupe. Jaribu kwanza majani mawili matatu, usubiri siku moja. Chuma mboga kabla ya kupuliza, maana uchungu hubaki. Rudia baada ya siku 5 hadi 7. Wadudu hawaanguki mara moja: huacha kula na hushindwa kujivua gamba.

Na aliye na mnazi uani asiwaue maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wanauma, kweli, lakini huwawinda kunguni wa minazi wanaofyonza vidaka hadi vikaanguka. Adui yao ni sisimizi wadogo wa kahawia, baadhi yao wenye vichwa vikubwa, wanaotoka ardhini. Ukiwaona hao wakipanda shina, weka pamba ya sukari na asidi chini ya mti, mbali na njia ya maji moto, na ufunge kamba kutoka mti hadi mti ili maji moto wavuke bila kugusa ardhi.