Buabua si shakwe
Jamani, kila ndege mweupe wa baharini anaitwa shakwe, na buabua wanadhulumiwa! Leo nimekaa ufukweni muda mrefu nikimtazama mmoja. Mwembamba, utosi mweusi ti, mkia wa panda. Alisimama hewani akipigapiga mabawa palepale, mdomo ukielekea chini, mara akajitosa chubwi! Akaibuka na kidagaa mdomoni.

Mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, alimpa buabua wa kawaida jina Sterna hirundo. Hirundo ni mbayuwayu kwa Kilatini, na ukiuona ule mkia utakubali kabisa. Lakini wale wa rangi ya kahawia, jenasi (kundi la spishi za karibu) Anous, wamepewa jina la Kigiriki lenye maana ya mpumbavu, eti kwa sababu hawakuwakimbia mabaharia waliowakamata kwa mkono. Mimi naona ni uonevu. Ndege asiyemjua binadamu atamwogopaje?

Anayenivutia kuliko wote ni buabua wa Aktiki, yaani eneo la Ncha ya Kaskazini. Uzito wake ni gramu 100 hivi tu! Watafiti waliwafunga vifaa vidogo miguuni, na matokeo yaliyotoka mwaka 2010 yalionyesha wastani wa kilomita 70,000 kwa mwaka, Aktiki hadi Antaktiki kule Ncha ya Kusini na kurudi.

Mwenye picha ya buabua aiweke hapa tumtambue pamoja. Angalieni mdomo kwanza: msimu wa kutaga, wa kawaida huwa na mdomo mwekundu wenye ncha nyeusi, wa Aktiki mwekundu mtupu.