Akashuka Pamoja Nao

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni Luka 2:41–52. Tumezoea kuhubiriwa habari ya mtoto Yesu wa miaka 12 akiwa Hekaluni katikati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Leo naomba tukae kwanza barabarani, kwenye njia ya kurudi Nazareti, sikukuu ya Pasaka ikiwa imekwisha.

Yusufu na Mariamu walikuwa watu wa ibada. Luka anasema walikwenda Yerusalemu kila mwaka, na kutoka Galilaya huo ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa miguu. Wala hawakuondoka mapema, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya baraka. Walizitimiza siku zote. Kwa hiyo tusiseme walimpoteza Yesu kwa kutojali. Walimpoteza wakiwa wamemaliza kuabudu, wanarudi nyumbani, na sababu yake Luka ameiandika waziwazi: "wakadhani ya kuwa yumo katika msafara." Wakaenda mwendo wa kutwa nzima wakiwa na dhana hiyo.

Mwezi huu wa Agosti maneno hayo yalinikuta ndani ya RV, lile gari kubwa lenye vitanda, jiko, friji na choo, ambalo tulilikodi kwa ajili ya likizo ya familia. Tulikuwa tunatoka Yellowstone kurudi huku Minnesota, Marekani, safari ya kama kilomita 1,600. Siku za kwenda zilijaa nyimbo. Yellowstone ni hifadhi iliyotengwa tangu mwaka 1872, na mtu akisimama pale Old Faithful, akaona maji yanayochemka yakiruka juu kutoka ardhini, kisha akasubiri kundi la nyati wa Marekani livuke barabara kwa raha zake, hahitaji kuhimizwa amsifu Muumba. Hata watoto ambao nyumbani huombwa mara tatu waanzishe pambio, kule walianzisha wenyewe.

Kurudi ni habari nyingine. Asubuhi tulipotoka lango la mashariki kuelekea mji wa Cody, niliona familia yangu ikibadilika mbele ya macho yangu. Simu zilizokuwa zimenyamaza kwa kukosa mtandao ziliita zote kwa pamoja. Baba watoto akakumbuka ratiba ya kazi. Mimi nikaanza kupanga zamu zangu za usiku. Binti yetu mkubwa akawa anasoma ujumbe kutoka shule. Tulikuwa bado jimbo la Wyoming, milima pande zote, lakini kila mmoja wetu alikwishafika nyumbani kwa mawazo. Naamini hata ule msafara wa Galilaya ulikuwa hivyo: huyu anazungumzia shamba, yule anawaza karakana, wengine wanapanga harusi. Kila mzazi anadhani mtoto yuko na mwenzake. Katika mazungumzo ya namna hiyo, yote halali, hakuna anayeuliza Yesu yuko wapi.

Zaburi ya 120 hadi ya 134, zote 15, zina kichwa kimoja katika Biblia yetu: "Wimbo wa kupanda mlima." Ndizo zaburi zinazohusishwa na mahujaji waliopanda kwenda Yerusalemu. Kwa kushuka, Biblia haina kitabu kidogo cha nyimbo kama hicho. Wenzangu wa Kilimanjaro mnalijua hili bila kufundishwa. Desemba magari yanapanda kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi, watu wana furaha hata kabla ya kufika Same. Januari yanashuka na mikungu ya ndizi, na abiria wamenyamaza. Kila mtu ana ada ya shule kichwani.

Katika safari yetu baba watoto aliweka utaratibu ambao ninamshukuru Mungu kwa ajili yake. Asubuhi za kurudi, sawasawa na zile za kwenda, ufunguo wa gari ulikaa juu ya meza mpaka zaburi isomwe na kila mtu aombe kwa zamu, hata mdogo wetu ambaye sala yake ni kutaja majina tu. Ilitulazimu kukaa. Nje wenzetu wa kambini walikuwa wanachomoa nyaya za umeme na kuondoka, nasi bado tunaomba. Asubuhi ya kushuka milima ya Bighorn tulisoma Zaburi ya 121, na mstari wa mwisho ukanishika: "Bwana atakulinda utokapo na uingiapo." Kutoka tunakuombea sana. Wachungaji wanakuja nyumbani, wazee wanaweka mikono. Kuingia je? Gari zito kama lile likishuka mlima halitegemei breki peke yake. Dereva huweka gia ndogo injini isaidie kulizuia, anakwenda taratibu, na kwenye sehemu za kupisha anasogea kando ili wenye haraka wapite. Nilikaa pembeni yake kwenye ule mteremko nikiomba kimoyomoyo, na niliomba kuliko nilivyoomba siku ile ya kuondoka.

Kesho yake tulifika Wall, mji mdogo wa South Dakota. Wasafiri wa barabara kuu ya I-90 wanalijua duka lake, Wall Drug, kwa sababu mabango yake yanakufuata barabara nzima. Mwaka 1931 Ted Hustead na mkewe Dorothy walinunua duka la dawa pale, enzi za ufukara mkubwa, na wateja wakawa haba. Mwaka 1936 Dorothy alipata wazo la kuweka mabango barabarani: maji ya barafu, bure. Watu walikuwa na kiu, wakasimama. Hadi leo maji ni bure. Tulikunywa, na jioni ile, kwenye kambi ya Cedar Pass ndani ya hifadhi ya Badlands, binti yetu ndiye aliyechagua somo: "Hata siku ya mwisho, siku ile kubwa ya sikukuu, Yesu akasimama, akapaza sauti yake akisema, Mtu akiona kiu, na aje kwangu anywe." Ni Yohana 7:37, na sikukuu yenyewe ni ile ya Vibanda, ambayo Waisraeli waliacha nyumba zao wakakaa kwenye vibanda vya matawi na familia nzima, ili wakumbuke kwamba Mungu aliwatunza njiani.

Tafakarini wakati aliouchagua Bwana. Siku ya mwisho watu wanafunga mizigo. Vibanda vinakaribia kubomolewa, watoto wamechoka, pesa zimepungua. Mhubiri mwingine angesema watu hawa hawasikii tena, nisubiri mwakani. Yeye alisimama siku hiyo akapaza sauti. Alijua wanakokwenda kuna kiu. Mimi jioni ile nilikuwa mchovu kweli, na vilima vile vya udongo vilivyochongwa na mvua na upepo vilikuwa vinageuka rangi jua likizama, na sikuweza kufanya lolote zaidi ya kusema asante Baba.

Baada ya hapo ni tambarare. Upepo wa South Dakota unalisukuma gari refu ubavuni, na dereva hawezi kuachia usukani. Mahali fulani kabla ya mto Missouri saa hubadilika: saa saba ikawa saa nane tukiwa tumekaa vilevile. Pale Chamberlain, baada ya kuvuka mto, tulisimama kuitazama Dignity, sanamu ya mwanamke mzawa wa nchi ile aliyejifunika shuka la nyota, iliyosimamishwa mwaka 2016. Kisha tukaendelea.

Sasa niseme juu ya kazi ambayo hakuna anayepiga picha nayo. RV ina tangi la maji safi, tangi la maji ya sinki na bafu, na tangi la maji ya choo. Kabla ya kulirudisha gari, matangi ya uchafu lazima yamwagwe kwenye sehemu maalumu. Unavaa glavu, unaunganisha bomba, unafungua la choo kwanza, kisha la sinki na bafu, ili maji ya sabuni yasafishe bomba nyuma yake. Karibu na Sioux Falls kijana wetu wa miaka 15 aliifanya kazi hiyo na baba yake. Hakuambiwa mara mbili. Nilikuwa ndani nafuta friji nikiwaona dirishani, na nikakumbuka jinsi Luka anavyoimaliza habari yake: "Akashuka pamoja nao mpaka Nazareti, naye alikuwa akiwatii."

Akashuka pamoja nao! Wapendwa, niliwahi kusikitika kwamba wanaoshuka hawana wimbo. Luka ametupa sentensi hii. Mtoto yuleyule aliyesema imempasa kuwamo katika nyumba ya Baba yake, alitoka Hekaluni akaingia njia ya vumbi pamoja na wazazi ambao Luka anasema hawakuelewa neno lile. Alirudi kwenye kisima, kuni, na kazi za mikono. Na kutii maana yake alitumwa, akaenda. Luka anasema alipoanza kazi yake alikuwa na umri wa kama miaka 30. Hesabuni wenyewe miaka aliyoishi Nazareti ambayo Injili imeipita kimya. Sehemu kubwa ya maisha ya Mwokozi wetu duniani ilikuwa nyumbani, si sikukuuni. Ni huko, asema Luka, alikozidi kuendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu.

Tulifagia, tukafuta kila kabati, tukajaza mafuta. Kisha tukasimama ndani ya gari tupu tukaiombea familia itakayolala humo baada yetu, ambayo hatutaijua. Nashauri mjaribu hilo hata mnapotoka chumba cha wageni au nyumba ya kupanga.

Wiki hii, kila jioni, kabla ya kuzima taa, someni Luka 2:41–52 pamoja na watoto, na muwaache waulize. Mkiona mwendo wa kutwa umepita bila Yesu, fanyeni kama Yusufu na Mariamu: walirudi kumtafuta, na baada ya siku tatu walimwona.

Tuombee wanaosafiri kurudi kabla ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani mwanzoni mwa Septemba, hasa madereva wa barabara ya I-35. Tuwaombee watoto wetu wanaofungua shule, na walimu wao. Tuwaombee kina mama na kina baba wa zamu za usiku katika nyumba za wazee, wanaoanza kazi leo bila kupumzika. Na tuwaombee wazazi wetu waliobaki nyumbani Afrika ambao mwaka huu hatukuweza kwenda kuwaona, Bwana atufungulie njia ya kupanda na ya kushuka. Amina.